Émile Baudot

Jean-Maurice-Émile Baudot (jina la ukoo hutamkwa takriban Bodo; 11 Septemba 1845 – 28 Machi 1903) alikuwa mhandisi wa telegrafu kutoka Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kubuni mfumo wa telegrafu ulioruhusu makarani kadhaa kutuma habari kwa wakati mmoja juu ya waya mmoja, na kwa msimbo wa vipande vitano ambao kila herufi ndani yake ina urefu sawa. Kipimo cha kasi ya mawasiliano kiitwacho baudi kimetokana na jina lake.

Baudot hakuwa na elimu rasmi zaidi ya shule ya msingi ya kijijini. Alianza kazi akiwa karani mwanafunzi wa telegrafu, na uvumbuzi wake mkubwa aliufanya nje ya saa za kazi. Jambo alilolishughulikia maisha yake yote ni hili: mashine mbili zilizo mbali haziwezi kuelewana mpaka zikubaliane mwendo. Jambo hilo lilibaki kuwa muhimu miaka mia moja baadaye, wakati watu walipoanza kuingia kwenye kompyuta za mbali kwa modemu na laini ya simu.

Maisha ya awali

Baudot alizaliwa katika kijiji cha Magneux, wilaya ya Haute-Marne, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Pierre-Émile Baudot, alikuwa mkulima na baadaye akawa meya wa kijiji hicho. Kijana Émile alisoma shule ya msingi ya hapo hapo, kisha akafanya kazi katika shamba la baba yake hadi alipokuwa na umri wa miaka 23.

Mwaka 1869 alijiunga na idara ya serikali ya telegrafu akiwa mwanafunzi wa kazi. Idara ilimfundisha kutumia mashine ya Morse, kisha ikampeleka kwenye mafunzo ya miezi minne kuhusu mashine ya David Hughes. Mashine ya Hughes ilikuwa na vitufe kama vya piano, na ilichapa herufi za kawaida badala ya nukta na mistari. Ilifanya kazi vizuri pale tu ambapo magurudumu ya pande zote mbili yalizunguka kwa mwendo mmoja. Mafunzo hayo ndiyo yaliyompa Baudot msingi wa uvumbuzi wake.

Alitumika kwa muda mfupi katika vita kati ya Ufaransa na Prussia (1870–1871). Mwaka 1872 alirudi kwenye kazi ya kiraia mjini Paris. Wakubwa wake walimtia moyo atafute njia ya kupitisha habari nyingi zaidi juu ya waya uliopo, lakini kwa muda wake mwenyewe.

Tatizo la waya uliokaa bure

Waya za telegrafu zilikuwa ghali. Kila kilomita ilihitaji nguzo, vikombe vya kuzuia umeme usivuje, na mafundi wa kuitunza. Hata hivyo Baudot aligundua kwamba waya hukaa bila kazi sehemu kubwa ya muda. Karani anapofikiria herufi inayofuata, au mkono wake unapohama kutoka kitufe kimoja hadi kingine, hakuna kinachopita kwenye waya.

Suluhisho lake lilikuwa kugawa muda. Kila upande wa waya aliweka kifaa cha kugawa zamu: sahani yenye vipande vya chuma vilivyopangwa kwa duara, na brashi inayozunguka juu yake. Brashi inapopita juu ya vipande vya karani wa kwanza, waya ni wake. Inapofika kwenye vipande vya karani wa pili, waya ni wa pili. Na kadhalika mpaka duara liishe na kuanza upya. Upande wa pili kuna brashi inayozunguka vivyo hivyo, ili herufi za karani wa kwanza zifike kwenye mashine ya kwanza ya kuchapa, na za pili kwenye ya pili.

Mfano unaojulikana na wengi ni wa watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mchi mmoja ukishuka, mwingine uko juu. Kazi huenda mara mbili bila kuongeza kinu, lakini ni lazima watwangaji washike mwendo mmoja. Mmoja akichelewa kidogo tu, michi hugongana. Katika mashine ya Baudot, brashi moja ikichelewa, herufi za karani mmoja huingia katika karatasi ya mwingine na habari zote huharibika. Kwa hiyo aliweka ishara maalumu ya marekebisho iliyopita kila mzunguko na kuirudisha brashi ya upande wa kupokea mahali pake.

Wazo la kugawa muda halikuwa lake peke yake. Mfaransa mwenzake Bernard Meyer alikuwa ametengeneza mashine ya aina hiyo mapema katika miaka ya 1870. Lililokuwa jipya kwa Baudot ni kuunganisha ugawaji wa zamu, msimbo wenye urefu sawa, na mashine ya kuchapa katika mfumo mmoja uliofanya kazi.

Msimbo wa vipande vitano

Katika msimbo wa Morse herufi hazilingani kwa urefu. E ni nukta moja, lakini Q ina alama nne, tatu kati yake ni mistari mirefu. Kwa karani mwenye masikio mazuri hilo si tatizo. Kwa mashine inayogawa zamu ni tatizo kubwa, kwa sababu zamu haiwezi kujua itakwisha lini.

Baudot aliamua kila herufi iwe na vipande vitano, na kila kipande kiwe katika moja ya hali mbili tu. Hesabu yake ni rahisi: mbili ikizidishwa yenyewe mara tano hutoa michanganyiko 32. Hiyo inatosha kwa alfabeti ya Kilatini. Kwa tarakimu na alama za uandishi aliweka michanganyiko miwili ya kubadili ukurasa: ukituma mmoja, herufi zinazofuata husomwa kuwa tarakimu na alama, ukituma mwingine, hurudi kuwa herufi. Hapakuwa na nafasi ya kutofautisha herufi kubwa na ndogo.

Alama za hali mbili zilikuwa zimetumika kabla yake. Francis Bacon alibuni maandishi ya siri ya vipande vitano katika karne ya 17, na Carl Friedrich Gauss na Wilhelm Weber walitumia alama za hali mbili katika telegrafu yao ya Göttingen katika miaka ya 1830. Baudot ndiye aliyeutoa utaratibu huo katika majaribio na kuuingiza katika kazi ya kila siku ya ofisi za posta. Hataza yake ya kwanza ilitolewa tarehe 17 Juni 1874.

Makarani na mwendo wa mashine

Mashine ya kutumia msimbo huu haikuwa na kitufe kwa kila herufi. Ilikuwa na vitufe vitano tu: viwili kwa mkono wa kushoto na vitatu kwa mkono wa kulia. Karani alibonyeza kwa pamoja vile vilivyohitajika. Baudot aliupanga msimbo ili irabu zote zipigwe kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia peke yake: A ni kitufe cha kwanza, E ni cha pili, na O ni vyote vitatu. Hilo lilirahisisha kujifunza.

Ugumu ulikuwa katika mwendo. Brashi ya kugawa zamu ilizunguka mara 180 kwa dakika, yaani mara tatu kila sekunde, na katika kila mzunguko karani alipata zamu ya herufi moja. Mashine ilitoa mlio mdogo kumjulisha kwamba zamu yake inafika. Aliyewahi au kuchelewa alipoteza herufi. Kwa kasi hiyo karani mmoja aliweza kutuma herufi 180 kwa dakika, sawa na maneno 30 hivi. Makarani wanne kwenye waya mmoja walifikisha maneno 120.

Kazi hiyo ilihitaji mafunzo marefu na utulivu wa mwili. Karani hakuwa huru kuharakisha wala kupumzika katikati ya sentensi. Mashine ndiyo iliyopanga mwendo. Baadaye, mwaka 1897, utepe wa karatasi wenye matundu ulianza kutumika. Karani aliandaa habari kwenye utepe kwa nafasi yake, kisha utepe ukaingizwa kwenye mashine, nayo ikasoma matundu kwa mwendo wake usiobadilika.

Kuenea kwa mfumo

Mfumo wa Baudot ulianza kutumika kati ya Paris na Bordeaux mwezi Novemba 1877. Mwaka 1878 ulionyeshwa katika Maonyesho ya Dunia mjini Paris na kupata medali ya dhahabu, na tangu hapo jina lake likajulikana nje ya Ufaransa. Vifaa vyake vilitengenezwa kwa ustadi na karakana za Paris, ikiwemo ya Jules Carpentier.

Idara ilimpandisha cheo kuwa mdhibiti mwaka 1880 na mhandisi mkaguzi mwaka 1882. Kwa mtu aliyeingia kazini bila cheti chochote cha sekondari, ilikuwa hatua kubwa katika nchi ambayo wahandisi wa serikali kwa kawaida walitoka katika vyuo vikuu vyenye mitihani migumu.

Aliendelea kuboresha kazi yake. Mwezi Agosti 1890 aliunganisha Paris, Vannes na Lorient juu ya waya mmoja. Mwaka 1894 aliunganisha soko la hisa la Paris na lile la Milano kwa kutumia kifaa chake kipya cha kupokea ishara dhaifu njiani na kuituma upya ikiwa na nguvu. Uingereza ilianza kutumia mfumo huo mwaka 1897 katika mawasiliano na Paris. Nchi nyingine zilizoupokea ni pamoja na Italia, Uholanzi, Uswisi, Austria, Ujerumani, Urusi na Brazil. Mwaka 1898 alipewa daraja la Ofisa katika nishani ya Légion d'honneur.

Kesi ya Mimault

Sifa ya uvumbuzi huo ilipingwa kwa miaka mingi. Karani mwingine wa telegrafu, Louis Victor Mimault, alikuwa ameomba hataza mwaka 1874 kwa mashine iliyotumia vipande vitano vilivyopitishwa kwenye waya tano tofauti. Idara ilikataa mashine yake. Aliibadilisha kwa kuongeza mambo kutoka mashine ya Meyer, nayo pia ikakataliwa. Wakati huo Baudot alikuwa tayari amepata hataza yake, wiki chache tu kabla.

Mwaka 1877 Mimault alimshtaki Baudot. Mahakama ya Paris, baada ya kusikiliza wataalamu watatu wasio wa idara ya telegrafu, iliamua kwamba Mimault ndiye aliyetangulia kubuni msimbo, na kwamba hataza za Baudot ni maboresho tu. Hakuna upande ulioridhika. Mwishowe hukumu hiyo ilitenguliwa, na Mimault akaamriwa kulipa gharama zote za kesi.

Pigo hilo lilimvuruga Mimault. Aliwahi kuwapiga risasi na kuwajeruhi wanafunzi wa chuo cha École Polytechnique. Alidai hataza zake ziongezewe muda, alipwe faranga 100,000, na apewe nishani ya Légion d'honneur. Tume iliyoongozwa na Jules Raynaud, mkuu wa utafiti wa telegrafu, ilikataa madai hayo. Mwaka 1888 Mimault alimpiga Raynaud risasi na kumuua. Alihukumiwa miaka 10 ya kazi ngumu na miaka 20 ya uhamisho.

Kisa hiki hukumbukwa katika historia ya ufundi kwa sababu kinaonyesha ugumu wa kusema ni nani hasa aliyebuni kitu. Gauss na Weber walikuwa na alama za hali mbili, Meyer alikuwa na zamu, Hughes alikuwa na mashine ya kuchapa, na Mimault alikuwa na vipande vitano. Mfumo uliokubaliwa na ofisi za posta ulikuwa wa Baudot, na ni jina lake lililobaki.

Maisha binafsi, afya na kifo

Baudot alianza kusumbuliwa na maradhi muda mfupi baada ya kuingia kazini. Mara kwa mara alikosa kazi, na wakati mmoja alikaa nje mwezi mzima. Hali hiyo ilimfuata hadi mwisho wa maisha yake.

Tarehe 15 Januari 1890 alimwoa Marie Joséphine Adélaïde Langrognet. Ndoa haikudumu hata miezi mitatu: mkewe alifariki tarehe 9 Aprili mwaka huo huo. Majaribio ya Vannes na Lorient aliyafanya miezi minne baada ya msiba huo.

Alifariki tarehe 28 Machi 1903 katika mji wa Sceaux, karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 57.

Kutoka Baudot hadi teleksi

Mwaka 1901 Donald Murray, mwandishi wa habari kutoka New Zealand, aliubadilisha msimbo wa Baudot. Kwa kuwa karani wake alitumia vitufe vya taipureta, hakukuwa tena na haja ya kuangalia wepesi wa vidole. Murray alizipa herufi zinazotumika sana michanganyiko yenye matundu machache, ili mashine isichakae haraka. Msimbo wake ndio uliokuja kukubaliwa kimataifa na kutumika katika teleksi.

Mashine za teleksi ziliacha pia brashi ya zamu. Kila herufi ilitanguliwa na alama ya kuanza na kufuatwa na alama ya kukoma, ili mpokeaji aanze kuhesabu upya kila herufi. Mashine hazikulazimika tena kwenda pamoja kwa saa nzima. Zilitosha zikilingana kwa muda wa herufi moja. Lakini sharti la msingi lilibaki: pande zote mbili ziwekwe kwenye kasi ile ile kabla ya kuanza.

Kasi ya kawaida ya teleksi ilikuwa baudi 50. Kila kipande kilichukua sehemu ya 20 kati ya elfu ya sekunde. Herufi moja ilikuwa na alama ya kuanza, vipande vitano, na alama ya kukoma yenye urefu wa kipande kimoja na nusu. Jumla vipande saba na nusu. Hivyo herufi 400 zilipita kila dakika.

Kipimo cha baudi

Katika miaka ya 1920 wataalamu wa telegrafu wa kimataifa walikubaliana kukiita kipimo cha kasi ya ishara kwa jina la Baudot. Baudi moja ni badiliko moja la ishara kwa sekunde. Kwa mfumo wake mwenyewe wenye makarani wanne, mizunguko mitatu kwa sekunde na vipande 20 vya herufi kwa mzunguko, kasi ilikuwa baudi 60, bila kuhesabu vipande vya marekebisho.

Kipimo hiki mara nyingi huchanganywa na biti kwa sekunde. Vyote viwili ni sawa pale tu ambapo kila badiliko la ishara hubeba biti moja. Modemu za kwanza zilizoenea zilikuwa hivyo: baudi 300 ilikuwa pia biti 300 kwa sekunde. Baadaye wahandisi walibuni ishara zenye hali nyingi zaidi. Modemu ya biti 1,200 kwa sekunde ilikwenda kwa baudi 600, kwa kuwa kila badiliko lilibeba biti mbili. Ile ya biti 2,400 ilikwenda pia kwa baudi 600, kila badiliko likibeba biti nne. Ile ya biti 9,600 ilikwenda kwa baudi 2,400. Kusema modemu ya baudi 9,600 ni kosa la kawaida lililoingia hata katika vitabu vya maelekezo.

Mwendo wa modemu na kuingia kwenye Unix

Mfumo wa kompyuta wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani. Watumiaji wake wa kwanza waliandika kwa mashine za Teletype, ambazo ni za ukoo mmoja na zile za teleksi. Mpaka leo Unix huita kituo cha mtumiaji tty, kifupi cha jina hilo, na orodha yake ya kasi za laini huanza na 50.

Mtu aliyepiga simu kwa modemu ili aingie kwenye Unix alipokewa kwanza na programu iitwayo getty. Programu hiyo haikujua mapema mpigaji ana modemu ya kasi gani. Ilituma ombi la jina la mtumiaji kwa kasi ya kwanza katika orodha yake. Kama kasi haikulingana, mpigaji aliona alama zisizo na maana. Sababu yake ni ile ile ya brashi za Baudot: kompyuta ikituma biti 1,200 kwa sekunde na mpokeaji akisoma 2,400, kila biti husomwa mara mbili na herufi huvurugika.

Dawa ilikuwa kutuma ishara iitwayo Break, yaani kuiweka laini katika hali moja kwa muda unaozidi herufi nzima. Getty ilipoipokea ilihamia kasi inayofuata katika orodha, kwa mfano kutoka 2,400 hadi 1,200, kisha 300, kisha ikarudi mwanzo. Mpigaji alirudia mpaka ombi lisomeke.

Modemu za mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea zilibadili utaratibu huo. Kulikuwa na kasi mbili: ile kati ya modemu na modemu juu ya laini ya simu, na ile kati ya modemu na kompyuta yake juu ya kebo fupi. Modemu mpya zilibana data na kusahihisha makosa, hivyo kasi ya kebo ilipaswa kufungwa juu, kwa mfano 19,200 au 38,400, bila kujali kasi ya laini. Kama kompyuta ilifungwa kwenye kasi moja lakini modemu ikaachwa ibadilike kufuata laini, mawasiliano yaliharibika mara tu baada ya kuunganishwa.

Dalili zilimsaidia fundi kutafuta kosa. Alama zote zikiwa ovyo, kasi za kebo hazilingani. Baadhi ya herufi zikiwa sahihi na nyingine si sahihi, upande mmoja unatumia biti saba na biti ya ukaguzi, na mwingine biti nane. Maandishi yakianza vizuri kisha vipande vikapotea katika kurasa ndefu, modemu na kompyuta hazina njia ya kuambiana subiri. Alama chache za ovyo zikijitokeza hapa na pale, kasoro iko kwenye laini ya simu yenyewe, na dawa ni kushusha kasi.

Afrika Mashariki

Telegrafu ilifika Afrika Mashariki Baudot akiwa hai. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilitandika kebo ya baharini iliyounganisha Aden, Zanzibar, Msumbiji na Durban. Kebo ndefu za baharini zilitumia vifaa vya aina nyingine, kwa sababu ishara zilifika zikiwa dhaifu mno kwa mashine ya kuchapa. Bara, nyaya za telegrafu zilikwenda sambamba na reli ya kati kutoka Dar es Salaam, iliyofika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli hiyo inapita Manyoni na Itigi, katika mkoa wa leo wa Singida.

Baada ya uhuru, msimbo wa vipande vitano uliendelea kutumika kupitia teleksi katika wizara, benki, magazeti na makampuni ya biashara. Mwananchi wa kawaida aliijua zaidi simu ya maandishi, iliyopelekwa kupitia posta na kulipiwa kwa idadi ya maneno.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 modemu zilianza kubeba barua pepe. Vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilishiriki katika mtandao wa ESANET, uliotumia utaratibu wa FidoNet wa kompyuta kupigiana simu na kubadilishana mafungu ya barua. GreenNet ya London ilikuwa kiungo cha vituo vingi vya namna hiyo barani Afrika.

Kwa watumiaji wa bara, kasi ilikuwa na maana ya fedha. Simu ya masafa marefu ililipiwa kwa muda. Herufi moja ilihitaji biti 10 pamoja na alama za kuanza na kukoma, hivyo barua ya herufi 2,400 ilichukua sekunde 80 kwa modemu ya biti 300, na sekunde 10 kwa ile ya 2,400. Lakini laini zenye kelele hazikustahimili kasi kubwa. Modemu iliyowekwa juu mno ilikatika na simu ikarudiwa tangu mwanzo. Kuchagua mwendo ambao pande zote mbili na laini yenyewe vingeweza kuushika kulikuwa ujuzi wa lazima, kama ulivyokuwa kwa makarani wa Paris na Bordeaux.

Kumbukumbu

Mwaka 1949 posta ya Ufaransa ilitoa stempu yenye picha ya Baudot. Mwaka wa kuzaliwa uliochapwa juu yake ni 1848 badala ya 1845. Jina lake linaendelea kutumika kila siku katika ufundi wa elektroniki: mafundi wanaounganisha vifaa vidogo vya kompyuta kwa nyaya huweka kwanza kasi ya baudi pande zote mbili kabla ya kutuma herufi ya kwanza.